Filimbi Niliyopuliza Peke Yangu

Wazo la filimbi lilikuwa langu. Nalisema mapema, maana siku hizi mtaani kwetu Nyasho watu wanalisimulia kana kwamba lilidondoka kutoka mbinguni. Vibaka walikuwa wametuzidi. Leo wamebeba sufuria ya mtu, kesho wameanua nguo zikiwa bado mbichi kwenye kamba. Mwenyekiti wa mtaa akaitisha mkutano, watu wakalalamika mpaka jua likapoa. Ndipo nikasimama nikasema kila nyumba iwe na filimbi, na ikilia, sote tutoke, mwenye fimbo na mwenye mwiko. Wakanipigia makofi. Kwa kunogewa na makofi hayo nikajitolea kuwashonea watu wa zamu vizibao vya rangi ya chungwa, bure, kwa cherehani yangu. Hiyo cherehani ndiyo inayotulisha nyumbani: sare za shule, mashati ya kwaya, viraka vya kila namna.

Aliyenisaidia kukata vitambaa vya vizibao ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Tunachangia bomba moja la maji tangu tuhamie hapa, na uchungu wa mtoto wake wa mwisho ulipomshika, mimi ndiye niliyempeleka hospitali. Nikisema rafiki, namaanisha yeye.

Mdogo wangu alikuja kukaa kwangu wakati huohuo. Yeye ni mvuvi wa dagaa kule Kisorya, na dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Alikuwa ameumia bega, akaja kupumzika mpaka lipone. Lakini mwili ulishazoea kukesha. Usiku anazunguka uani, anafagia, anajaza ndoo watu wakiwa wamelala, mchana anakoroma. Nilimtania kwamba nimefuga popo. Nikaenda kwa mwenyekiti nikamwambia, huyu halali, mpeni zamu ya usiku mpaka mchoke wenyewe.

"Sawa mama, tutakuambia," akasema.

Hakuniambia kitu. Bega likapona, mdogo wangu akapanda gari la Bunda akarudi kwenye mitumbwi yake, na mimi nikasahau habari ya zamu.

Kwangu vibaka walikuja Jumamosi mchana, mdogo wangu akiwa ameshaondoka. Nilikuwa nimetoka kununua uzi, duka la hapo hapo tu. Narudi, naona vijana wawili wanafunga cherehani yangu kwenye pikipiki. Filimbi ilikuwa shingoni. Nilipuliza nikikimbia, nikapuliza nikiwa nimesimama, nikapuliza hata pikipiki ilipokuwa imeshapotelea kona ya barabara. Hakuna mlango uliofunguka. Nyumbani kwa rafiki yangu redio ilikuwa inapiga kwaya kwa sauti ya juu, na nilipopuliza, sauti ikapunguzwa. Nilisikia kwa masikio yangu ikipunguzwa. Hakutoka mtu.

Jioni walikuja kunipa pole, wakajaa sebuleni.

"Tulijua ni watoto wa mpira," mmoja akasema. "Siku hizi wanapulizaga hovyo kule uwanjani."

Rafiki yangu alileta ugali na sato wa kukaanga, akanibembeleza nile. Nikawaamini, kwa sababu nilitaka kuwaamini. Nikaanza kushona kwa mkono, vifungo na pindo basi, na wateja wa sare nikawaomba wanivumilie.

Haukupita muda mrefu. Nilikuwa nakaanga vitunguu, nikasikia debe linagongwa kwa rafiki yangu. Nikadhani ni watoto wanacheza. Halafu nikaona milango, yote, inafunguka kwa mpigo mmoja. Watu wakapita mbio mbele ya dirisha langu, wengine wamevaa vizibao vyangu vya chungwa. Na mimi nikatoka mbio na mwiko wangu unaodondosha mafuta.

Mwizi alikuwa ameruka ukuta, ameiacha televisheni kwenye majani. Watu walikuwa wanahema na kucheka kule kwa kuondoa hofu. Rafiki yangu, debe mkononi, akageuka akaniona.

"We, nani amekuambia?"

Kicheko kikakatika. Nikamuuliza, nani ameniambia nini? Mwenyekiti akakohoa.

"Usichukie, mama. Tulibadilisha alama. Filimbi zilikuwa zinatuchanganya, tukahamia kwenye debe."

"Lini?"

"Kitambo kidogo."

"Kabla ya cherehani yangu?"

Akatazama viatu vyake. "Ilikuwa kwa sababu ya yule mgeni wako. Mtu halalagi usiku, mama. Watu waliogopa, ukijua wewe, na yeye atajua."

"Siku ile alikuwa ameshaondoka!"

"Tulijua. Tukasema huenda atarudi."

Nilichukia, na sitafuti neno laini zaidi ya hilo. Walinizunguka wakiwa wamevaa kazi ya mikono yangu mgongoni. Wakaja nyumbani kwangu kunipa pole kwa macho makavu, huku kila mmoja anajua kwa nini hakutoka.

Kesho yake nikakutana na rafiki yangu bombani. Nikamuuliza kama aliisikia filimbi.

"Niliisikia."

"Ukapunguza redio."

"Nilipunguza nisikilize vizuri kama ni wewe." Akafunga bomba, ndoo haijajaa. "Walisema atakayetoka kwa filimbi, na yeye ni wa upande wenu."

Mchana akaniletea debe na kijiti, akasema sasa na mimi nimo. Nilimwambia aliweke mlangoni. Liko pale mpaka leo, nalipita nikienda na kurudi.

Juzi mdogo wangu akapiga simu. Bega limemrudia, anataka aje kwangu apumzike tena. "Na wale wa ulinzi uwaambie," akasema, anacheka, "nikija watalala usingizi, nitawakeshea mtaa mzima."

Nikamwona uani na fagio lake usiku, nikaona na jirani nyuma ya pazia, akinyoosha mkono kuchukua debe. Nikaona milango ikifunguka kwa mpigo mmoja.

"Usije," nikamwambia. "Chumba nimekipangisha."

Chumba kilikuwa wazi nyuma yangu, kitanda chake kimetandikwa.

"Haya dada," akasema. "Wasalimie majirani."