Mwisho wa Kifagio

Ukipita mtaa wa Kabiria leo na kuuliza habari za Kaloki, utaelekezwa kwa mzee anayetengeneza redio na rimoti kwenye kibanda karibu na steji ya matatu. Vijana wanamjua kwa hilo tu. Wenye mvi ndio watakaocheka kwanza, kisha wakuulize: Kaloki yupi, yule wa Kifagio?

Kaloki alitoka Mwingi akiwa kijana. Alimwahidi mama yake kwamba angerudi Krismasi, lakini mji ukamshika, na mama akazikwa kabla habari haijamfikia. Hakupenda kulizungumzia jambo hilo. Alijifunza ufundi wa televisheni mjini, na siku moja akabaki na deki ya vidio ambayo mwenyewe hakurudi kuichukua. Deki ile ndiyo iliyomfanya mtu. Akajenga ukumbi wa mabati, akapanga mabenchi, mkewe Annah akaweka jiko la chai na mandazi mlangoni, na watu wakaanza kuja wakitoka kazini, walinzi, makarani, wajenzi na viatu vyao vilivyogandwa na simiti.

Walichokijia hasa ni filamu za Milki ya Tharso. Zilikuwa nyingi, moja ikiisha nyingine inazaliwa, na kila moja ilikuja na silaha kubwa kuliko ya kwanza, maana wale watu wakishavunja mwezi hawatosheki mpaka wavunje na jua. Kiingereza chao kilikuwa cha puani, kwa hiyo Kaloki alisimama kando ya televisheni na kijiti chake, akawasimulia watu kwa Kiswahili. Silaha nazo akazibatiza. Ule mwale mwembamba uliotoboa miezi aliuita Sindano. Mashine iliyobandua ardhi ya sayari na kuigeuza juu chini ikawa Jembe. Halafu kulikuwa na Kizimajua, ambayo kazi yake haihitaji maelezo.

Kwenye jiko la Annah ubishi haukuisha. Sifuna, fundi wa mawe kutoka Bungoma, alishikilia kwamba Jembe ndilo baya kuliko yote. Jua likizimwa, alisema, utakufa kwa baridi lakini utafia kwenu. Jembe halikuachii hata kaburi la baba yako. Wenzake waliinamia vikombe vyao aliposema hivyo, kwa sababu walijua amekosana na mama yake juu ya shamba na hajakanyaga kwao kwa miaka.

Ndipo kikaja Kifagio. Hiki kilifagia sayari nzima mara moja, milima, bahari na watu, kikaacha vumbi. Ukumbi ulijaa mpaka wengine wakatazama kupitia matundu ya mabati. Lakini kanda yenyewe ilikuwa nakala ya nakala. Mpigaji wa Kifagio amekaa kwenye kiti, ameamriwa afagie sayari aliyozaliwa, kidole kiko juu ya kitufe, na papo hapo picha ikapotea, kioo kizima kikawa chenga. Kaloki akaipiga deki kofi. Chenga zikabaki. Watu wakaanza kunung'unika, naye akawageukia akawaambia watulie, mwisho anaujua, alisimuliwa na mwenye duka la kanda mjini.

Mungu amsamehe, mwenye duka hakuwa amemwambia lolote. Kaloki alifungua mdomo bila kujua neno la kwanza litakuwa lipi. Akasema mpigaji alichungulia kwenye darubini ili alenge vizuri, akaona moshi unapanda kutoka uani. Akatazama tena, kumbe ni kwao. Mama ameinama anapuliza moto, sufuria ya muthokoi iko juu ya mafiga, na kando amefunika sahani ya mtu ambaye hajarudi. Mkono ukakataa. Mpigaji akang'oa nyaya zote za Kifagio, akashuka kwenda kula, na lile lichuma likauzwa kwa watu wa skrepa.

Watu waliendelea kuzikodolea macho zile chenga mpaka alipomaliza. Hakuna aliyecheka, hata pale pa skrepa, na Sifuna alitoka bila kuaga.

Jumatatu Sifuna hakuonekana kazini. Alikuwa amepanda basi la Bungoma. Alirudi baadaye amenenepa kidogo, amepatana na mama yake, na kabla mwaka haujaisha mama akafariki. Tangu hapo, kila alipokutana na Kaloki alimshika mkono kwa mikono yake miwili, na hakueleza kwa nini.

Mambo yakabadilika. Zikaja sidii, zikaja simu, kila mtu akawa na ukumbi wake mfukoni. Ule wa Kaloki sasa una meza za pool. Sifuna alijijengea nyumba Kinoo na kuhamia huko. Kaloki aliutamani sana ukumbi wake, mabenchi yaliyochana suruali za watu, harufu ya mandazi ikiingia katikati ya vita. Lakini filamu ile hakuitafuta tena. Alipopita mjini na kuiona imetandazwa kando ya barabara pamoja na soksi, aligeuza uso.

Mwaka huu picha za Tharso zimesafishwa upya, na Kifagio kikaletwa kwenye sinema moja katikati ya jiji. Jacklyne, binti wa Sifuna, akawanunulia wazee wawili tiketi. Sifuna akapiga simu kwa furaha: Jumamosi mchana wanaenda kukiona kizima, kwa skrini kubwa. Kaloki akasema goti linamuuma. Akasema ana redio ya mteja. Annah akamwambia goti linaloenda kanisani kila Jumapili litafika pia sinema.

Hakumwambia mkewe kilichomsumbua. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imerefushwa na bahati tu. Sifuna alikwenda kwao kwa ajili ya moshi ule. Akiona leo kwamba hapakuwa na moshi, ile safari ataiweka wapi?

Ndani ya sinema kulikuwa na baridi na viti laini kupita kiasi. Mpigaji alipokaa kwenye kiti chake, Kaloki alisogea ukingoni mwa kiti chake. Alitafuta darubini kila pembe ya skrini, hakuiona. Kidole kikashuka, na hakukuwa na chenga za kumwokoa. Sayari ikawaka, ikawa vumbi, na mpigaji akainuka akaenda kunywa maji. Mwisho ulikuwa huo.

Kaloki akageuka kumtazama rafiki yake. Sifuna alikuwa amefumba macho, na midomo yake ilikuwa inacheza polepole.

Walipotoka nje, Kaloki alishindwa kuvumilia.

"Sifuna, yule mtu wa duka la kanda. Hakuniambia kitu."

"Nilijua siku ile ile."

"Ulijuaje?"

"Kaloki, hao watu wa Tharso wangetoa wapi muthokoi?"

Kaloki alisimama pale pale, wapita njia wakamkwepa. Muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, chakula cha kwao Ukambani. Miaka yote hiyo hakuwahi kujisikia akisema neno lile.

"Sasa mbona ulienda Bungoma?"

"Kwa vile nilijua ni mama yako unaona," Sifuna akasema. "Wako alikuwa ameshazikwa, na bado unamuona kwa chenga. Nikajiuliza, mimi wangu yuko hai, nangoja nini?"

Walivuka barabara wakatafuta chai, wakakaa karibu na dirisha. Sifuna akakoroga sukari, halafu akamwomba aanzie pale pa darubini. Kaloki akaanza. Alipofika kwenye sahani iliyofunikwa aligeukia dirishani, na Sifuna akamalizia.