Kopo la Udongo

Mbwa alinijia mwenyewe. Nataka hilo lieleweke mapema, maana watu wetu wa London walisema mengi. Mimi ni mtu wa Unguja. Nimelelewa nikijua kwamba mbwa ni wa shamba, analinda mihogo, na mate yake yakikugusa unaosha mara saba, mara moja kwa udongo. Miaka ya tisini nilikuwa nakaa peke yangu Tottenham, kwenye flati ya kaunsili, yaani ya halmashauri ya mji, chini kabisa, mlango ukitazama ujia wa saruji. Mke wangu alikuwa amekwisha fariki. Watoto hatukujaaliwa.

Asubuhi moja nilimkuta amelala mlangoni, mweusi, sikio moja limepinda. Nikamfukuza. Niliporudi jioni kutoka kazini alikuwepo. Wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi siku ya tatu nilimpa kichwa cha samaki. Nilikitia kwenye sahani kuukuu, nikaisukuma kwa ufagio, nikafunga mlango. Ndivyo tulivyoishi, yeye nje na mimi ndani. Ila nikipika, nilijua kuna anayesikiliza sufuria.

Siku moja nilikuwa nahangaika na ufunguo, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, akaja akanilamba kiganja. Wahenga wamesema mkono mtupu haulambwi. Wangu ulikuwa mtupu kabisa. Nilimtukana matusi ya Kiunguja ambayo sikujua kama bado ninayo, nikakimbilia bombani. Maji yapo, lakini udongo je? Ilibidi nitoke na kopo la maziwa ya unga mpaka bustani ya umma, nikachimba kwa kijiko, huku mwanamke mmoja akinitazama kana kwamba nazika maiti. Nikaosha mara saba. Kisha nikakaa kitandani nikalia. Ukiacha salamu za msikitini, tangu mke wangu afariki walionigusa ni kinyozi na daktari tu. Udongo uliobaki sikuumwaga. Nililiweka kopo chini ya sinki.

Halafu akaja bwana wa kaunsili na gari lake la kukamatia mbwa. Jirani wa juu alikuwa ameshtaki.

"Mbwa huyu ni wako?" akauliza.

"Si wangu," nikamjibu. "Anakaa hapa tu."

Kwetu hilo ni jibu kamili, la mtu muungwana. Kwake yeye, mbwa asiye na mwenyewe ni mzururaji na sheria inataka achukuliwe. Akanieleza kwa upole kwamba asipodaiwa kwa siku saba atapewa mtu mwingine, na asipopatikana wa kumtaka atachomwa sindano ya kufa. Nikimdai mimi, lazima avae ukanda wa shingoni wenye jina na anwani yangu, na alale ndani. Ujia ni njia ya watu wote, mbwa hafugwi pale.

"Ndani?" nikauliza.

"Ndani," akasema, akafunga mlango wa gari. Mbwa alinitazama kupitia wavu.

Sheria yao ilimtaka ndani, yangu ilimtaka nje. Nyumba za kwetu zina ua, na mambo ya namna hii huishia uani. Tottenham sikuwa na ua. Usiku ule nilipika, nikagundua napika bila kugonganisha vyombo, kama mtu anayejificha.

Ijumaa, baada ya swala, nilimsimulia rafiki yangu, Mpemba, mmoja wa wanaume watatu waliokuja kwangu kila Idi kula pilau. Hao watatu ndio waliokuwa wageni wangu wa mwaka mzima.

"Alhamdulillahi, wamekutua mzigo," akasema.

"Nataka kwenda kumchukua."

Alicheka, kisha akaona mimi sicheki. "Bwana wee! Umtie nyumbani? Sasa sie tukija tutakaa wapi? Tutaswali wapi?"

"Chumbani. Yeye atakaa ukumbini, mlango naufunga."

"Basi kaa naye," akasema, akainama kutafuta viatu vyake. Niliumia, lakini nilikasirika zaidi. Mwaka mzima hakuna aliyeniuliza nakaa na nani.

Nilimfuata mbwa kabla zile siku saba hazijaisha, kwenye mabanda ya kaunsili, mbali, huko nyuma ya Barking. Binti aliyepokea watu akauliza tena lile swali, mbwa ni wa nani.

"Wangu," nikasema. Neno hilo sikuwa nimelisema juu ya kiumbe hai tangu msibani. Akanipa ukanda nimvishe, nikamvisha kwa mikono yangu mwenyewe.

Idi ilipofika nilipika pilau ya watu wanne, ingawa nilijua hawatakuja. Adhuhuri ikapita, alasiri ikapita, mlango haukugongwa. Nikatandika mkeka chumbani, nikaacha mlango wa ukumbini wazi, nikalaza ufagio kizingitini kuwa mpaka. Mbwa alikuja akaweka kidevu juu ya ufagio. Hakuuvuka.

Nilikula kwa mkono wa kulia. Wa kushoto niliunyoosha kizingitini, ukiwa mtupu. Chini ya sinki kopo nilikuwa nimelijaza udongo tena.