Ukurasa Ambao Hakuna Aliyeuchana

Nakumbuka Jumatano moja ya miaka ya tisini, mwanangu, nilipokuwa afisa wa habari wilayani Kericho. Niliegesha pikipiki ya serikali mbele ya kituo cha kununulia majani chai, nikatoa daftari langu, nikaanza kukagua ukuta. Nakusimulia haya kwa kuwa umeniandikia kwamba mhariri wako amekuonyesha kwenye kompyuta idadi ya wanaobonyeza makala zako za sayansi, mkaona ni wachache, nawe sasa wataka kuziacha uandike habari za mastaa. Kabla hujaziacha, nisikilize.

Kazi yangu ilikuwa kutoa jarida dogo la wakulima kila baada ya wiki mbili. Tulilibandika kwenye kuta za vituo, maana wakulima hukaa pale muda mrefu wakingoja lori la kiwanda. Wakubwa walitaka kujua watu wanasoma nini. Nikabuni kipimo, na ukweli usemwe, nilikibuni peke yangu: ukurasa uliochanwa ukapelekwa nyumbani umependwa, uliobaki ukutani haukupendwa. Matokeo ya kandanda na matangazo ya kazi yalichanwa siku ile ile. Ukurasa wa daktari wa mifugo ulibaki mzima hadi jua likaupausha. Nikayaandika hayo kwa wino, nikasifiwa ofisini. Kisha nikauondoa ukurasa wa daktari, nikaongeza kandanda. Debe tupu haliachi kuvuma, nami nilisikiliza debe tu.

Jumatano hiyo mama mmoja mzee aliinuka kando ya kikapu chake. Wote walimwita Kogo Tapkigen, yaani nyanya Tapkigen.

"Wewe ndiye mtu wa karatasi?"

"Ni mimi, Kogo."

"Ile ya ng'ombe ilienda wapi?"

Nikamweleza, kwa upole wa mtu anayejiamini kupita kiasi, kwamba hakuna aliyewahi kuigusa.

Wanawake waliokuwa wakichambua majani wakacheka. "Ai, afisa," mmoja akasema, "kwa hivyo kwako sufuria nzuri ni ile imetoboka?"

"Ni mimi nilikataza iguswe," Kogo akasema. "Mtu akirarua, wengine watasomewa nini? Huyu mama hapa hutusomea tukingoja lori. Wengi wetu hatukuenda shule."

Kimya kingi kina mshindo mkuu, mwanangu. Nilifunga daftari, nisijue niliweke wapi.

Akanialika kwake, ng'ambo ya mashamba. Akaniletea chai, akanipa kikombe kwa mikono miwili, nayo ilikuwa strungi. Wewe umezaliwa huku. Unajua mama wa Kikipsigis huona haya kiasi gani kumpa mgeni chai isiyo na maziwa.

"Utanisamehe," akasema. "Maziwa hakuna."

Ukurasa wa mwisho wa daktari ulieleza ugonjwa wa ndigana: unavyoletwa na kupe, na uvimbe unavyoanza chini ya sikio. Matibabu, uliahidi, yangeelezwa katika toleo lijalo. Toleo hilo ndilo nililolijaza kandanda. Kogo alikuwa na ng'ombe mmoja tu wa maziwa, na wajukuu wanne aliowalea peke yake. Ng'ombe akavimba chini ya sikio.

"Nikangoja karatasi," akasema. "Haikuwa imewahi kukosa kuja."

Jirani alipokwenda kumwita daktari, ng'ombe alikuwa amelala, hainuki tena. Dawa ilikuwapo, ila ni ya kuwahi mapema.

Nikamwuliza mbona hanilaumu. Akanitazama kama mama anavyomtazama mtoto aliyeanguka.

"Nikulaumu na ni wewe ulikuwa unatuletea? Rudisha tu ile karatasi. Jirani bado ako na ng'ombe."

Niliirudisha, na wakubwa hawakupenda. Nilijibu barua zao moja baada ya nyingine, kwa heshima, wala sikurudi nyuma.

Kwa hiyo sifichi hasira yangu nisikiapo kwamba makala haina maana kwa kuwa haikubonyezwa sana. Hesabu hiyo ni ya vidole. Haimwoni mama anayesomewa na mwanawe kwenye simu moja ya nyumba nzima, wala aliyenakili maneno yako kwa kalamu akampelekea shemeji kule Londiani. Sikukatazi kuhesabu, nami nimehesabu maisha yangu yote. Ila kabla hujamfuta msomaji, nenda ukamwulize. Na ukiwaahidi watu kwamba utawaeleza dawa, waeleze, hata kama anayesubiri ni mmoja.

Mola akupe sikio la kuwasikia wasiopiga kelele. Kalamu yako isikauke, na kila nyumba utakayoingia kwa maneno yako iwe na maziwa ya kutosha. Nenda salama, mwanangu.