Ukuta wa Upande wa Kibla

Mimi mdadisi, wala sioni haya kusema. Mtu akisimama barabarani kutazama kitu, nami nitasimama. Kwa hiyo tulipomaliza kuchora ukuta wa shule yetu hapa Mitwero, ofisini hapakunikalika. Kila mapumziko nilitoka kuwachungulia wapita njia, nijue nani anacheka na nani anamtafuta jirani yake kwenye picha.

Ukuta ulichorwa na watoto wa darasa la nne pamoja na fundi mmoja wa hapa mjini, anayechora mabango ya saluni na kupamba bajaji. Kila mtoto alileta mtu wake: mvuvi na pweza wake, babu na gunia la ufuta, mzee wa Kihindi na majora yake ya vitambaa. Binti mmoja mkimya alisema anamtaka mama yake, aliyekuwa akiuza vitumbua getini petu. Mama huyo alifariki kabla binti hajaanza shule, nami niliyehamia baadaye kutoka Rutamba sikumkuta. Picha zake zilikuwa kwenye simu, na simu ikafa. Fundi akamuuliza binti, macho yalikuwaje, pua ilikuwaje, akachora. Akatokea mwanamke mzuri anayetabasamu, na tangu siku hiyo binti akawa anakula andazi lake la asubuhi mbele ya ukuta.

Kilichonishangaza ni wazee wanaotoka msikitini. Wanautazama ukuta, wanageuka kuutazama uwanja wa shule ulio mbele yake, wanatikisa vichwa. Nilivumilia nikachoka, nikamfuata imamu.

"Shikamoo, sheikh."

"Marahaba, mwalimu. Mashallah, watoto wanajua kuchora."

"Mbona basi mnatikisa vichwa?"

"Tunajiuliza tu, Idi hii tutasali wapi?"

Masikio yaliniwaka moto. Kila Idi mtaa mzima husali katika uwanja ule, na ukuta ule ndio ulio mbele yetu, upande wa kibla. Mwalimu mkuu husali pale, fundi husali pale, mimi na watoto vilevile, na hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka. Tumejipangia kundi zima la watu wa kutukodolea macho tukisujudu! Nilicheka peke yangu kama mwehu. Kisha nikamkumbuka yule binti, kicheko kikanikauka.

Kikao kikaitwa. Wapo waliosema ukuta wote upigwe chokaa, yaishe. Hasira zangu ziko karibu siku zote. Nikasema atakayeleta chokaa aanze kunipaka mimi. Imamu akanituliza.

"Taratibu, mwalimu. Ugomvi wetu ni na nyuso tu. Migongo haitudhuru."

"Basi tuwageuze," fundi akadakia, na hapo ndipo tulipokubaliana.

Watoto waliifurahia kazi hiyo kuliko ya kwanza. Walibishana kuhusu visogo: nani ana upara, kofia ya nani imekaa upande. Mvuvi akageuzwa, babu akageuzwa, hadi akabaki mama wa vitumbua peke yake, na hakuna aliyetaka kumgusa. Fundi akanisukumia mimi. Nikamwita binti kando, nikaanza kuzunguka mbuyu: mama bado atakuwepo, ila, unajua, ile sala...

"Mwalimu, naweza kumgeuza mwenyewe?"

Alichukua brashi, akaufuta ule uso bila kusita. Kisha akaanza kuchora mgongo, polepole, ulimi nje: kanga imefungwa kiunoni, kiwiko kimechomoza akigeuza vitumbua, bega moja limeshuka. Fundi alinyoosha mkono alisawazishe lile bega.

"Usilipandishe," binti alimkataza. "Lilikuwa hivyo hivyo. Nilikuwa naliegemea."

Ningenyamaza, lakini udadisi ni ugonjwa wangu.

"Na uso je? Hukuuonea uchungu?"

"Ule nilimtungia fundi," alisema, macho kwenye kazi yake. "Aliniuliza uso, nikaona aibu kusema siukumbuki. Mama alikuwa anakaa anatazama barabara, mimi nakaa nyuma yake. Huyu sasa ndiye mama."