Kazi Yangu Haivuji

Admin, jina langu lifiche, lakini maneno yangu usiyapunguze. Mimi ni mzee wa miaka sabini na mitatu, naishi Timbwani huku Likoni. Skuli niliacha darasa la nne, na hii naandika kwa kidole kimoja tangu asubuhi, basi mwenye kuzicheka herufi zangu na acheke. Mke wangu alitangulia mbele ya haki, huu mwaka wa tatu. Watoto wako Mikindani na familia zao. Wakivuka feri kuja kuniona ujue ni Idi.

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma. Sio hawa wa siku hizi wa madirisha. Miaka thelathini na minane nimeunda matrela Changamwe, na hakuna trela langu lililokatika njiani. Hakuna! Foromani wetu, Mungu amrehemu, alikuwa na neno moja tu: "Kazi usiyoiamini, usiipake rangi." Kwa sababu rangi hufunika kila kitu.

Mwaka jana mtaa ulipata tangi kubwa la maji, likatakiwa jukwaa la chuma la kulipandisha juu. Mwenyekiti akasema atafutwe fundi. Nikasimama mbele za watu: "Fundi gani tena, na mimi ni hai? Kazi hiyo nitaifanya bure." Wakapiga makofi. Wanangu, nyumba yangu ilikuwa kimya muda mrefu. Yale makofi nililala nayo. Kila anayepita akawa aniita Fundi, Fundi.

Nisilomwambia mtu ni kuwa nina mtoto wa jicho. Mguu wa nne, ule wa upande wa msikiti, niliuchomelea kwa kubahatisha. Nikaigonga miguu yote kwa nyundo: mitatu ililia kama kengele, huu mmoja ukasema du. Nilijua chuma hakikushikana. Kule karakana kulikuwa na mkaguzi, angenirudisha nianze upya. Hapa mkaguzi nilikuwa mimi mwenyewe, na wageni wa uzinduzi walikuwa waje kesho yake. Nikaupaka rangi ya buluu.

Miezi ikapita. Siku moja nikapitisha kidole pale kwenye kiungo cha mguu ule, ukucha ukazama. Ufa.

Mtu mwenye akili angesema. Mimi nikafanya ujanja. Tangi likijaa, watu wakiingia kuswali adhuhuri, mimi nabaki nje, nafungua koki ya chini namwaga maji mtaroni mpaka nusu, ili uzito upungue. Wallahi nilijiona nimewaokoa.

Watu wakaanza kunung'unika: maji yaisha upesi hivi, yaenda wapi? Wakamgeukia mshika ufunguo wa bomba, mama mmoja mjane, nitamwita Mama Kadzo. Wakasema awauzia wenye mikokoteni kwa siri.

Na Mama Kadzo ndiye peke yake aliyekuwa akinibishia hodi. Kila asubuhi chai na mahamri mawili, na utani wake: "Shikamoo Fundi! Magoti yamekubali leo ama nikuchomelee?" Siku ya kikao alinigeukia mbele ya watu wote. "Baba, wewe ndiye uliyelijenga. Hebu waambie. Labda lavuja mahali?"

Kila mtu akaniangalia. Nikausikia mdomo wangu wasema, "Kazi yangu haivuji."

Na si uongo, haivuji. Ndiyo maana yaniuma zaidi. Wakamnyang'anya ufunguo pale pale. Hakulia. Alinitazama tu, akakaza leso yake kiunoni, akaenda zake. Tangu siku hiyo hodi sijaisikia. Najipikia chai mwenyewe, nainywa nikiangalia mlango.

Sasa ufunguo anao mtu mwingine, na ile koki ya chini ameitia kufuli. Tangi lajaa mpaka juu. Mimi nimechukua kigoda changu, nakaa kutwa chini ya ule mguu, nawafukuza akina mama wapange mstari upande wa barabara. "Mzee huyu amekuwa mkali, kwani tangi ni la babake?" Nawasikia. Hakuna aniitaye Fundi tena. Nimebaki mimi na chuma changu, na kila upepo ukivuma naweka kiganja pale kwenye ufa kana kwamba mkono wangu utazuia kitu.

Nishaurini, wanangu. Nianze kwa Mama Kadzo nimwombe radhi, ama nianze kwa mwenyekiti? Na nitasema kwa mdomo upi, huu huu uliozoea kujisifu? Majibu yenu nitayasoma polepole, neno kwa neno.

Lakini wewe unayeteka maji Timbwani kwenye tangi la miguu ya buluu, usingoje ushauri wa mtu. Leo usisimame upande wa msikiti. Admin, hapo usifute, hata kama watanijua.