Mkanda wa Randa na Mlango wa Bafuni

Mama mkwe wangu alibebwa kwenda bafuni siku nne mfululizo, na mimi seremala nipo mzima, kwa sababu ya kamkanda ka mpira kasikozidi upana wa kidole changu.

Najua utacheka. Cheka tu, ila usome mpaka mwisho.

Mama alivunjika nyonga. Hospitali walipomruhusu, mke wangu akasema lazima aje kwetu. Nikasema karibu sana, nyumba ni yake. Tukamleta na kiti chake cha magurudumu. Sebuleni kikaingia. Chumbani kikaingia.

Bafuni kikagoma. Mlango ulikuwa mwembamba kwa vidole viwili.

Vidole viwili tu!

Sasa mkwe wako utambebaje kwenda kuoga? Utamshika wapi? Kazi ikawa ya mke wangu peke yake, asubuhi na jioni, na mgongo wake wenyewe mbovu. Mama naye akaanza kukwepa kunywa maji. Sote tulijua kwa nini. Roho iliniuma.

"Mama, nipe siku moja," nikamwambia. "Kesho unapita mwenyewe."

Karakana yangu iko nyuma ya nyumba, na mbao ngumu nilikuwa nazo. Nikapanga fremu mpya pana na mlango mpya, vyote vilainike mpaka mtu ajiulize nani kafanya kazi hii. Tena nina kanuni yangu: sing'oi fremu ya zamani mpaka mpya iwe tayari. Nimeona mafundi wengi wanabomoa kwa watu halafu wanapotea.

Nikawasha randa yangu ya umeme. Ni ya mtumba, niliinunua kwa mbwembwe zote. Ubao wa kwanza ukapita. Wa pili, paa! Mota inazunguka, kisu kimesimama. Nikafungua kifuniko cha pembeni, mkanda unaozungusha kisu umekatika.

Nikasema haka kadogo, nusu saa nimerudi.

Ndugu yangu, acha kabisa.

Duka la kwanza, jamaa mwenye kitambi hata hakuinua macho kwenye simu yake. Akanirushia mkanda mpya. Nikaunyoosha sambamba na ule wangu uliokatika.

"Huu mfupi."

"Ndio wenyewe huo, bosi."

"Bwana, mimi ni fundi. Macho ninayo."

"Haya fundi, katafute mrefu."

Duka la pili, mfupi uleule. La tatu, mfupi. Nikaanza kuamini wauza spea wote wamekubaliana kunitesa. La nne wakanipa mrefu, nikarudi mbio, nikaufunga. Randa ikanguruma kidogo, mkanda ukachomoka ukanipiga kidevuni.

Siku ya pili nikapata mwingine mrefu. Huo ukateleza kwenye puli, vile vigurudumu vinavyouzungusha, mpaka ukatoa moshi. Siku ya tatu nikaambiwa mashine hiyo haitengenezwi tena, ninunue mpya. Nilitamani kumtupia yule muuzaji randa yake, sema ilikuwa yangu.

Jioni mke wangu akanisimamia mlangoni.

"Umepata?"

"Kesho."

"Mama anauliza."

"Mwambie kesho."

"Mwambie wewe. Na ile randa ya mkono ina kazi gani?"

"Kwa mbao hizi? Nitamaliza wiki!"

Mganga hajigangi, walisema wahenga. Ukweli ni kwamba kufikia hapo nilikuwa sigombani tena na mlango. Nilikuwa nagombana na mashine, na nilitaka kushinda.

Siku ya nne nikaibeba randa yote mpaka kwa mama mmoja anayeuza spea ndani ya kontena. Wanamwita Mama Mikanda. Akaushika mkanda wangu, akauvuta, akanitazama.

"Mikanda mipya ulikuwa unaipima na huu?"

"Ndiyo, mama."

"Huu umevutika miaka mingapi? Unampimia mtoto nguo kwa kanzu ya babu yake?"

Akatoa mkanda. Ule mfupi.

"Mpya lazima uwe mfupi, ndio unabana. Usiulazimishe. Uanzishe kwenye puli kubwa, halafu zungusha puli polepole, utapanda wenyewe."

Akafanya hapohapo. Mkanda ukapanda, tak, ukakaa. Nilihisi masikio yanapata moto.

"Kwani huko ulikopita hawakukwambia ndio wenyewe?"

"Waliniambia."

"Ukawajibu nini?"

"Kwamba mimi ni fundi."

Alicheka mpaka akatafuta kiti. Kuuliza si ujinga, akaniambia, huku anafuta machozi.

Nikarudi nyumbani naikimbilia ahadi yangu. Nafungua mlango, koridoni vumbi tupu. Fremu ya bafuni iko sakafuni, misumari nje. Nyundo yangu na tindo yangu pembeni. Pale palipokuwa na mlango, shuka la maua limening'inizwa kwenye waya. Ndani maji yanamwagika.

Mke wangu amekaa chini, nywele nyeupe kwa vumbi.

"Nani kabomoa?"

"Mimi."

"Si ungenisubiri?"

"Nimekusubiri siku nne. Fremu ilikuwa inakula vidole vitatu kila upande. Nimepima kwa mkono wangu."

Shuka likasogea. Mama akatoka, anasukuma magurudumu mwenyewe, kitenge kimefungwa vizuri, uso unang'aa. Akaiona randa mkononi mwangu.

"Umepata mkanda, mwanangu?"

"Nimepata, mama."

"Hongera. Basi mlango utanitengenezea taratibu."

Nikabaki nimesimama kama mgeni. "Mama, kwa nini hukuniambia kwamba pazia linatosha?"

"Uliniuliza lini? Ulisema kesho, ukatoka."

Hakusema kwa ubaya, na hapo ndipo iliponichoma zaidi. Akanipita akaelekea chumbani. Nikaiweka randa chini, nikachukua ufagio.

Mafundi wenzangu, mlango niliutengeneza baadaye, na ni mzuri. Ila kabla hujauliza spea inapatikana wapi, muulize mwenye shida anataka nini. Mimi nilizunguka maduka kumi na moja, na aliyekuwa na jibu alikuwa amekaa sebuleni kwangu.