Kidole cha Kimaiyo Hakitoi Alama

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Kimaiyo anachovya kidole gumba katika masizi ya sufuria, kisha anakigandamiza kwenye ukingo wa gazeti la juzi. Anainama kutazama. Ni doa jeusi tupu, halina hata mstari mmoja.

"Bado," anamwambia mkewe, Cheptanui.

"Kiache, Baba Jerop. Unakisumbua kama mtoto mgonjwa."

Ataachaje? Leo ni Jumatano, Machi 1972. Ijumaa, chama chao cha kununua mashamba kinagawa ploti huko Rongai. Kila mwanachama atapiga chapa ya kidole gumba, ilinganishwe na ile aliyoiacha kitabuni alipojiunga mwaka 1966. Isipofanana, ploti inakwenda kwa anayefuata.

Wiki iliyopita alijaribu. Omolo, karani wa chama, aliangua kicheko. "Mzee, umeniletea kidole ama yai?"

Kililiwa na chokaa. Kimaiyo, mwenye miaka 45, ana mwaka wa tano katika kiwanda cha ngozi hapa Nakuru. Anageuza ngozi za ng'ombe kwenye mapipa ya chokaa, mikono mitupu, kwa shilingi 140 kwa mwezi. Glavu aliahidiwa siku ya kwanza. Mwaka 1944 Mzungu alimchukua alama za vidole vyote kumi, za kipande, kile cheti cha kazi cha wakoloni, bila hata kumwomba, na zote zilitoka safi. Leo anazitaka mwenyewe, hazipo.

Daktari Vidya, mwenye kliniki karibu na soko, alimweleza kwamba chini kabisa ya ngozi kuna chembe zinazozaa ngozi mpya, na ndani ya kila chembe mna maagizo: lini izae, lini itulie.

"Mistari itarudi ile ile?"

"Ile ile uliyozaliwa nayo, kama chokaa haijaharibu huko chini. Lakini usipokipumzisha, chembe zitazaa mbio mbio kuziba kidonda tu, mwisho zichoke."

"Imeharibu?"

"Sijui, mzee. Kidole chenyewe ndicho kitakachotuambia."

Kwa siku nane amekifunga kitambaa chenye samli, akifanya kazi kwa mkono wa kushoto. Jana nyapara, Waithaka, alimwambia wazi: "Kesho ukija na hicho kitambaa, afadhali ubaki kwako."

Kimaiyo anachovya tena. Safari hii anagandamiza pole pole, upande upande. Cheptanui anaipeleka karatasi mlangoni kwenye mwanga. Karibu na kucha kuna mistari mitatu, myembamba, imepinda.

"Mitatu," anasema Kimaiyo. "Omolo anataka mingapi?"

"Hakukuambia?"

"Alicheka tu."

King'ora cha kiwanda kinalia. Koti linabaki msumarini.

"Siendi leo, wala kesho," anasema, akikifunga kidole upya. "Wanifukuze. Ngozi za ng'ombe zitapata mtu mwingine. Hii yangu imebakiwa na siku mbili."